Visigino vya Kina Masatu

Kule Suguti, kwenye nyumba ya kina Masatu, mtu hakutazamwa uso kwanza. Alitazamwa visigino. Wanaume wa ukoo ule wakishafika umri wa kuota ndevu za maana, ule mshipa unaopanda nyuma ya mguu ulikuwa unavimba, unakuwa mnene kama kamba ya kufungia mtumbwi, na juu yake vinundu vigumu visivyouma. Watu wengine wangekimbilia zahanati. Wao walichinja mbuzi.

Maana jina la Masatu hakupewa mtoto mchanga. Nyumba za jirani, mzee akifa, mjukuu wa kwanza kuzaliwa anabandikwa jina lake na maisha yanaendelea. Kina Masatu walikuwa na maringo. Walisubiri. Kijana akinenepa visigino, wazee walimkalisha kwenye kigoda, wakammwagia pombe ya mtama miguuni, wakasema, huyu ndiye, babu karudi. Kuanzia hapo hata mama yake mzazi alimwita baba. Asiyevimba alibaki na jina lake la ubatizo na alikaa upande unaokwenda moshi. Na kwa kuwa midomo ya watu haina breki, ilisemwa pia kwamba mama yake siku moja alipitia Bugwema akachelewa kurudi.

Kulikuwa na jambo jingine, ila hilo lilisemwa kwa sauti ya chini. Kina Masatu hawazeeki. Masatu wa kwanza alianguka na kasia mkononi. Wa pili alianguka harusini, katikati ya kicheko, watu wakadhani anaigiza. Wa tatu alikuwa baba yake Penina. Alikuwa amekaa uani anashona nyavu, akasema, "Leteni maji." Penina, wakati huo msichana wa shule ya msingi, alikwenda mtungini akachota, akarudi. Baba alikuwa bado amekaa vilevile, sindano ya nyavu imeshikwa vizuri kabisa, macho yanatazama ziwa. Maji hakuwa na haja nayo tena.

Bibi hakulia sana. Alisema tu, "Kaitwa na wenzake." Yaani kina Masatu waliotangulia wanaona upweke huko waliko, kwa hiyo wanamwita aliyechukua jina. Penina alibaki na kikombe mkononi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia akiweke chini.

Alisoma. Kusoma kwenyewe kulikuwa kwa hasira, kama mtu anayechimba kisima mahali alipoambiwa hakuna maji. Akafika chuo cha udaktari Dar es Salaam, na siku moja mwalimu akawasha mashine ya picha ukutani. Ukaja mguu. Mguu wa mzungu asiyejulikana, umepigwa picha kwa nyuma, kisigino kinene, vinundu juu. Darasa zima likacheka kwa sababu mguu ulikuwa mbaya kwelikweli. Penina hakucheka. Alikuwa anautazama mguu wa baba yake. Tena, chini ya meza, ndani ya viatu vya kufunika ambavyo hakuwahi kuvivua mbele ya wenzake, kulikuwa na miguu miwili ya aina hiyo hiyo. Visigino vya mwanamke nani aliviangalia? Mwanamke anaolewa, anaondoka navyo.

Mwalimu akaeleza. Kuna mafuta yanaitwa kolesteroli. Kila mtu anayo kwenye damu, na yana kazi yake. Ila zipo familia ambazo watu wanazaliwa nayo mengi kupita kiasi, mzazi mmoja akiwa nayo watoto karibu nusu wanarithi. Yanajibanza kwenye mishipa ya moyo polepole, kama masizi kwenye bomba la moshi, na yanajibanza pia visiginoni. Siku moja mshipa unaziba. Mtu anaanguka akiwa na nywele nyeusi.

Tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine duniani. Aliyemchumbia aliombwa kwanza atoe damu asubuhi kabla ya kunywa chai. Kwa namna hiyo hakuolewa.

Alirudi Musoma mwanzoni mwa miaka ya themanini, amesoma mpaka Ulaya, na akaikuta nchi haina sabuni. Alitaka kupima mafuta ya damu kwa watu wa mwambao wanaokula samaki na watu wa ndani wanaokula nyama na maziwa, aone mioyo ya nani inaharibika. Sasa mafuta yenyewe ya kupikia yalikuwa hayapo dukani, watu wanapanga foleni kuyanusa. Mashine ya kuzungusha damu ilizungushwa kwa mkono maana umeme ulikuwa unakuja kama mgeni wa heshima, kwa taarifa. Vichupa vya damu vilikwenda Mwanza kwa basi, ndani ya barafu aliyoomba kwa wavuvi, na kondakta alikuwa anauliza kila safari, "Daktari, hii ni sato au sangara?"

"Ni watu," Penina alimjibu.

Kondakta akahamisha boksi likakaa mbali na miguu yake.

Butiama walimpokea vizuri mpaka walipoona bomba la sindano. Uvumi ukatangulia kwamba kuna mama mnyonya damu, mumiani msomi, anaanza na vipimo halafu usiku anarudi na ndoo. Mzee mmoja alimwambia wazi, "Mama, damu yangu ninaitumiaga. Ukikuta ya ziada nitakuita." Bugwema alipowaambia waje bila kula kitu tangu jana, wakatazamana, wakaangua kicheko. "Daktari, hilo tu? Hilo tulishaanza tangu mwezi wa pili." Na ni kweli, majibu yalipokuja, mioyo ya Bugwema ilikuwa safi kama sahani iliyorambwa. Penina alisema kwa uchungu wake wa utani kwamba hali ngumu imetibu watu wengi kuliko yeye.

Lakini kila alipokaa peke yake kwenye kile chumba cha maabara, mchana kweupe, mgonjwa wa wodi ya pili akisema "leteni maji" kupitia dirishani, mkono wake ulikuwa unasimama. Alisubiri kusikia kama sauti itaongea tena. Ikiongea tena, alipumua.

Hofu yake ilikuwa na jina, na jina lilikuwa Silasi, mdogo wake wa pekee. Mambo ya biashara yalipofunguliwa, Silasi alikuwa wa kwanza mlangoni. Alianza na mitumba kutoka Sirari, akapata pikapu, akafungua baa pale Bunda karibu na stendi, ya nyama choma na chipsi zinazoogelea kwenye mafuta. Miaka ile yote ya shida visigino vyake vilikuwa vyembamba, naye alikuwa anaona aibu. Alishafika karibu umri wa miaka thelathini na tano bado anaitwa Silasi tu. Halafu vikaanza. Alimtumia dada yake salamu kwa mtu wa basi: mwambie daktari nimevimba, msimu wa mavuno nakalia kigoda.

Penina akaenda Suguti na sindano zake. Safari hii hakupima kijiji, alipima nyumba yao peke yake, wakubwa wote. Alirudi na majibu baada ya mvua, asubuhi, uani kwa baba yake mdogo Bernado. Akamwita kila mtu nyuma ya nyumba amweleze kwa siri kama inavyotakiwa. Siri zenyewe zilikaa kama maji kwenye chungio.

Wa kwanza alikuwa Bernado mwenyewe, mdogo wa marehemu baba yake, mzee mwembamba mwenye visigino kama vya kuku, aliyekaa upande wa moshi maisha yake yote.

"Baba mdogo, furahi," Penina akasema. "Damu yako ni safi. Mafuta yako kidogo kama ya kijana. Wewe utatuzika wote."

Bernado hakufurahi. Alichora kitu kwenye vumbi kwa kidole cha mguu, akakifuta.

"Kwa hiyo mimi si mtoto wa baba."

"Nani kasema hivyo?"

"Wewe. Mimi miaka yote najiteteaga, nawaambia visigino havisemi yote, damu ni moja. Sasa umeniletea na damu."

"Baba mdogo, watoto wanagawana nusu kwa nusu! Wewe hukurithi ugonjwa, basi. Ukoo ni ule ule."

"Nusu nyingine ya nani?" akauliza Bernado, na hakungoja jibu. Alikwenda kukaa kwenye moshi wake.

Hapo ndipo Penina alipoelewa alichofanya, lakini foleni ilishaanza kusogea. Waliopata namba ndogo walitoka nyuma ya nyumba wameinamisha vichwa, na binamu mmoja akaanza kulia mbele ya mke wake. Waliopata namba kubwa walitoka wanatembea kama wamechaguliwa udiwani. Alikuwa amekuja kuwaambia nani anaumwa. Wao walisikia nani ni halali. Kazi ya miaka kumi, kuzungusha mashine kwa mkono, barafu ya samaki, imekuwa kipimo cha kutafutia mtoto wa nje.

Silasi alikuja wa mwisho, ananukia sabuni ya Kenya.

"Haya dada, ngapi?"

"Mbaya, Silasi."

"Nimemzidi baba mdogo?"

"Mara tatu."

"Mura!" Silasi akapiga makofi, akijisifia uanaume kwa neno la kwao. "Waambie waloweke mtama."

"Sikiliza. Hiyo namba ndiyo iliyomwangusha baba. Zipo dawa mpya, Nairobi zinapatikana. Kidonge kimoja kila jioni, uache mafuta, uache sigara, namba inashuka. Hata visigino vinaweza kupungua."

Silasi akaacha kucheka. "Vipungue? Nimevisubiri tangu nilipoota ndevu, halafu nimeze dawa vipungue? Dada, unataka nifanane na Bernado?"

"Nataka uwe hai."

"Kina Masatu hawafi, dada. Wanaitwa."

Alisema vile bila utani wowote. Penina akaona kwamba mdogo wake amekwishajiandaa. Biashara zile za haraka haraka, pikapu, wanawake, baa iliyojengwa bila msingi wa maana, vyote vilikuwa vya mtu anayejua gari lake linaondoka mapema.

Musoma mjini Penina alikuwa na rafiki mmoja tu wa kumwambia mambo, Mwanahalima, mwenye duka la dawa jirani na soko. Ndiye aliyekuwa anamletea vile vidonge kutoka Nairobi, vimefungwa katikati ya khanga. Penina alimsimulia yote, amekaa kwenye kiti cha wateja, viatu vyake vya kufunika vimejaa vumbi la Suguti.

"Wewe nawe," Mwanahalima akasema, "unashindana na marehemu. Marehemu hachoki, halali, hana watoto wa kupeleka shule. Utamuweza wapi?"

"Sicheki, Mwanahalima."

"Na mimi sicheki, ndiyo sura yangu. Hebu nieleze, hilo jina wanaweza kulichukua watu wawili?"

"Haiwezekani. Kigoda kimoja, Masatu mmoja mpaka afe."

"Basi kalia wewe. Si unavyo hivyo visigino? Au vya kike havihesabiki?"

Mwanahalima alikuwa anatania, akageuka kumhudumia mteja wa panadoli. Alipogeuka tena kiti kilikuwa kitupu.

Siku ya kigoda uwanja ulijaa. Silasi alikuja na pikapu imebeba kreti za bia, amevaa suruali iliyokunjwa mpaka magotini ili watu waone. Bernado, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki hai, ndiye aliyeshika kibuyu. Kazi ya aliyekataliwa na ukoo ilikuwa kuwatawaza wenzake; alishafanya hivyo kwa kaka yake, na akambeba kaka yake huyo huyo kwenda kaburini.

Kabla Silasi hajakaa, Penina akatoka upande wa akina mama. Akavua viatu. Akavua soksi. Akawageuzia watu mgongo.

Kelele zikakatika. Vilikuwa vinene kuliko vya Silasi, vinene kama vya marehemu mwenyewe, na bibi mmoja akajifunika uso na kitenge akasema, "Yesu, Masatu huyo."

"Mwanamke?" akauliza mtu.

"Visigino havina suruali," Penina akasema. "Na damu nimepima mwenyewe. Namba yangu inamzidi Silasi. Mimi ni mkubwa kwake, na namba yangu ni kubwa kuliko yake. Jina ni langu."

Huo ulikuwa uongo. Namba ya Silasi ilikuwa juu ya yake, si kidogo. Mwanamke huyu aliwahi kumwaga vichupa vya kata nzima kwa sababu barafu iliyeyuka njiani, hakutaka namba ya kukisia. Alishawahi kugombana na wakubwa zake kwa sababu ya nukta moja. Siku ile alitamka namba ya uongo mbele ya ukoo mzima, na sauti haikutetemeka. Ilikuja kutetemeka baadaye, miaka mingi, kila alipokaa kuandika ripoti yoyote.

"Anadanganya!" Silasi akapaza sauti. "Apimwe tena!"

"Nani atampima?" akauliza Bernado taratibu. "Mashine ni yake."

Mzee akamsogelea Penina na kibuyu, karibu kabisa, kama mtu anayetaka kuomba moto wa sigara. "Mama," akanong'ona, "ni kweli?"

Penina akasogeza mguu mmoja karibu na kibuyu.

Bernado akatazama visigino, akamtazama Silasi na suruali yake iliyokunjwa, na pengine aliliona lile jeneza la kaka yake maana alijishika bega upande ule aliolibebea. Halafu akamwaga pombe kwenye miguu ya Penina. "Huyu ndiye," akasema. "Babu karudi. Namba haibishaniwi."

Silasi alipakia kreti zake za bia akaondoka nazo, na hilo ndilo lililowauma wengi.

Hawakusemezana miaka. Lakini jambo moja Penina alilijua, na ndilo alilokuwa amelichezea kamari. Kufa ukiwa Masatu ni kuitwa. Kufa ukiwa Silasi wa baa ni kufa tu, bure, kama mbwa wa barabarani. Haikuchukua muda, Mwanahalima akamletea habari: kuna mtu wa Bunda anatuma dereva kununua vidonge vile vile, hasemi ni vya nani, na amesisitiza daktari asiambiwe.

"Sasa umeniambia ya nini?" Penina akauliza.

"Kwani wewe ni daktari? Wewe si Masatu?"

Alimeza na yeye, kila jioni. Ila ndugu hawakujua hilo na wasingelipenda. Walichojua ni kwamba Masatu mpya yupo, kwa hiyo ataitwa. Akienda Suguti watoto wanamwita babu, wazee wanampa kigoda, na kila mtu anamtazama kwa huruma ya kusindikiza. Akikaa uani tu, mtu analeta maji. Hajaomba. Yanawekwa karibu na mguu wake, kimya, na mletaji anarudi nyuma hatua kidogo asimame aone. Daktari aliyesoma mpaka Ulaya alikuwa anayatazama yale maji na nywele zinasimama. Hakuwahi kuyanywa. Na kifua chake kilipombana kwenye mlima wa Butiama, wakati anakwenda kliniki, alikaa juu ya jiwe akajipima mapigo mwenyewe, akajieleza kwa lugha ya kitabu kinachotokea ni kitu gani. Kitabu kilisaidia mpaka nusu. Nusu iliyobaki alijikuta anaongea na mtu: "Ngojeni. Bado nina kazi." Kikaachia.

Mwaka ule uliotangulia mvua kubwa zilizokata barabara, Mwanahalima alimwambia yule dereva ameacha kuja. Penina alipanda basi la kwanza mpaka Bunda, ameshika mkoba kama anataka kuuvunja.

Silasi alikuwa amekaa mbele ya baa yake, kwenye kivuli, mzima. Amepungua. Amevaa soksi na viatu, na jua lote lile.

"Masatu," akasema, bila kusimama. "Karibu."

"Mbona umeacha dawa?"

"Sijaacha. Siku hizi zinauzwa hapa hapa Bunda, duka la Rashidi. Umetoka Musoma kwa hilo tu?"

Penina akavuta kiti akakaa. Wakakaa hivyo, mhudumu akaleta soda, mabasi yakapiga honi.

"Visigino vimekwisha," Silasi akasema. "Hata navaa soksi. Wateja wananiuliza kama nimepata sukari." Akazungusha chupa mezani. "Nikwambie kitu? Nimeshampita baba. Nilihesabu. Sikumwambia mtu, nilikaa hapa hapa, nikangoja siku nzima. Jioni nikafunga baa nikalala. Asubuhi nikaamka. Unajua nilifanya nini? Nililia, dada. Maana sijui cha kufanya. Mimi nilipanga mpaka pale. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika huku nilipo, hakuna hata unyayo. Nitamuuliza nani mtu anazeekaje?"

"Muulize baba mdogo."

"Bernado? Yule si..." Akakuna shavu ambalo lilikuwa limeanza kuota mvi, mvi za kwanza za mwanaume mwenye visigino katika nyumba ile. "Bado yupo?"

"Juzi nilimwacha anapalilia mihogo. Ananuna kwamba nyote hamjui kupanda kwa mstari."

Silasi akamwambia mhudumu afunike nyama, akachukua funguo.

"Basi twende kabla jioni haijatukuta."

Alipita sokoni akamnunulia mzee sukari na tumbaku, wakashika barabara ya Musoma ili wakate kuelekea ziwani. Aliendesha taratibu, yeye ambaye zamani alikuwa anakimbizana na mabasi. Na njia nzima, ingawa nyuma yao hapakuwa na gari lolote, kila Penina alipoacha kuongea alikuwa anainua macho anatazama kioo cha nyuma, kama mtu anayeogopa kuitwa.

"Kuna nini?" Penina akauliza.

"Hakuna," akasema. "Endelea kuongea."